Pua Iliyonyooka

Vijana wa Mtemani wananitazama pua,
wanacheka:
"Mzee, bondia gani pua yake imenyooka kama msumari?"
Sina la kuwajibu. Sina picha, sina mkanda,
sina hata kovu la kuazima.

Tulijifunzia ghalani, ghala la karafuu, hapa hapa Wete,
miaka ile ngumi zenyewe zilipopigwa,
zikapigwa marufuku.
Usiku, mlango umekomewa,
taa ya chemni imefichwa nyuma ya magunia,
na harufu ya karafuu kali hata jasho letu halikusikika.

Mwalimu Mbarouk Shoka alisema mara moja, hakurudia:
"Jicho lililovimba ni barua isiyo bahasha.
Mwenyekiti wa tawi ataisoma kabla ya mama yako.
Sitaki barua."

Basi hatukufundishwa kupiga.
Mwaka mzima hatukufundishwa kupiga.

Alifunga kamba ya usumba, nguzo hadi nguzo, usawa wa bega:
pita chini, toka huku,
pita chini, toka kule,
na mvivu wa magoti shingo ilimwasha mpaka alfajiri.
Alizungushia ngumi yake kitambaa, akaichovya kopo la chokaa.
Alama nyeupe kifuani, umepigwa.
Kidevuni, umekufa, nenda ukanawe.
Mwezi wa Rajabu nilikufa mara kumi na nne.
Shaabani, nane.
Ramadhani tulipumzika, na Mfunguo Mosi, usiku mmoja,
nilitoka na fulana nyeusi vile vile nilivyoingia nayo.
Hakunisifu. Aliosha kopo.

Hakuyatoa kitabuni yale.
Ujanani kwao Kengeja aliwahi kucheza ng'ombe,
na ng'ombe, alisema, hapigwi konde.
Ng'ombe unampa mahali ulipokuwa.
"Mpe! Usiwe bahili.
Mpe pale, pale pote, pawe pake,
wewe jitwalie shubiri moja ya pembeni."

Mkono wa kulia shavuni, kama mtu anayeumwa jino.
Kiwiko kimelala ubavuni, kinachunga ini.
Usiitazame ngumi, ngumi ni mwongo;
tazama bega,
bega halijui kuweka siri.
Na hofu? Hofu hakuikataza.
"Hofu ina macho mazuri," alisema, "ifundishe miguu."

Alikufa kitandani, usingizini, uso mzima,
na waliomwosha hawakujua wanamwosha nani.

Sasa zimeruhusiwa.
Juzi Gombani, taa kama mchana, spika zinakoroma,
Hija, mjukuu wa dada yangu, raundi sita,
na mimi konani na ndoo na taulo.
Yule wa Unguja alikuja na mikono mizito kama mitwangio.
Hija akampa mahali alipokuwa.
Akampa tena.
Raundi ya tatu jamaa alilipiga hewa konde
ambalo lingetosha kuvunja mlango,
akalifuata lenyewe mpaka kwenye kamba.
Mimi peke yangu nilipiga makofi.
Watu walitaka damu, wamelipia.
"Piga, wee! Umekuja kucheza msewe?"
Muuza urojo nyuma yangu alisema huyu mtoto mwoga,
nami nikanyamaza, nikahesabu:
thelathini na moja zimekwenda bure.
Bure, lakini mwenye kuzitupa ndiye aliyezilipia,
maana raundi ya sita mikono yake ilishuka yenyewe,
na Hija akampelekea mbili, mbili tu, safi.
Majaji wakasema sare.
Wakatuzomea mpaka barabarani.

Tulifika Wete umeme umekatika.
Mama yake akamkalisha kizingitini, akawasha simu,
akampitisha vidole usoni polepole,
nyusi, taya, nyuma ya sikio,
kama anachambua mchele wa sikukuu.
Hakupata hata kijiwe.

Akazima simu.
Akaniuliza mimi, karibu na kulalamika:
"Kwani leo hamkupigana?"